Kazi na Haki: "Samahani mama, tunatafuta damu changa"

Mwezi huu barua za wanaonyimwa kazi kwa sababu ya umri zimezidi hata zile za mishahara iliyocheleweshwa, kwa hiyo nimeamua safu nzima iwe yao. Kwa msomaji mgeni: nilikuwa afisa utumishi kiwandani, kisha nikahamia chama cha wafanyakazi, ambako kazi yangu ilikuwa kusimama na wenzangu mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo watu wengi huiita CMA. Nimestaafu, lakini suala hili linaniuma leo kama lilivyoniuma nikiwa kazini, maana wanaoniandikia si watu walioshindwa kazi. Wamenyimwa hata nafasi ya kujaribiwa.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mhasibu, nina miaka 47, naishi Morogoro. Kiwanda nilichokitumikia tangu nikiwa binti kilipunguza wafanyakazi mwaka jana, nami nikawemo. Hivi karibuni niliona tangazo la kampuni ya kusambaza vinywaji Dar es Salaam: wanataka mhasibu mwenye shahada, anayejua programu ya hesabu ya Tally na mashine za risiti za EFD, "umri miaka 25 hadi 35". Sifa zote ninazo isipokuwa hiyo ya mwisho. Nikaomba hivyo hivyo. Binti mmoja akanipigia, tukaongea vizuri hadi aliponiuliza nilimaliza kidato cha nne mwaka gani. Nilipomjibu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Samahani mama, tunatafuta damu changa." Nikageukia serikalini, huko nako tangazo linasema umri usizidi miaka 45. Je, haya ni halali? Naweza kushtaki? Na wenzangu wananishauri nifute miaka ya shule kwenye CV. Nifanyeje?
Mama T., Morogoro

Marahaba, mwanangu, na pole. Nianze na kampuni ya vinywaji, kwa sababu hapo una hoja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, iwe waziwazi au kwa kuzunguka, na umri umetajwa humo pamoja na kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na mengineyo. Wengi wakifika hapo hufunga kitabu wakisema, "Lakini mimi bado si mfanyakazi, ni mwombaji tu." Waendelee kusoma. Mwishoni mwa kifungu hicho imeelezwa kwamba kwa suala la ubaguzi, mfanyakazi ni pamoja na mtu anayeomba kazi, mwajiri ni pamoja na wakala wa ajira, na sera za ajira ni pamoja na matangazo ya nafasi na vigezo vya kuchuja watu. Kwa hiyo lile tangazo la "miaka 25 hadi 35" limo ndani ya sheria. Na huyo binti aliyekupigia, hata kama ametumwa na wakala, naye yumo.

Mwajiri ana mlango wa kutokea. Akithibitisha kwamba kigezo chake ni hitaji la msingi la kazi yenyewe, hapo si ubaguzi. Rubani wa ndege za abiria za kimataifa ana ukomo wa miaka 65 uliowekwa na shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na sababu yake inaeleweka: akizidiwa angani, walioko nyuma yake hawana pa kushukia. Lakini mtu wa kulinganisha stoo na ankara, kupeleka ritani za kodi na kufunga hesabu za mwezi? Ningependa sana kumsikia mwajiri huyo akieleza mbele ya mwamuzi ni kitu gani katika kazi hiyo kinachomshinda mwenye miaka 47.

Na ni yeye atakayetakiwa kueleza. Hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika kifungu cha 7, na halisemwi vya kutosha. Wewe ukishaonyesha ushahidi wa awali kwamba umebaguliwa kwa umri, mzigo unahamia kwa mwajiri: yeye ndiye athibitishe kwamba hakubagua, au kwamba sababu yake haikuwa umri, au kwamba umri ni hitaji la kazi. Tangazo lenyewe likiwa mkononi mwako, umeshavuka hatua ambayo wengi huishia.

Ninasema wengi huishia hapo kwa sababu najua mchujo unavyofanyika. Nimekaa katika vyumba hivyo. Maombi yamepangwa mezani, zamani yakiwa kwenye bahasha za kaki, siku hizi ni barua pepe zilizochapishwa na kubanwa pini. Anayechuja haanzi na barua yako uliyoikesha ukiiandika. Anafunua moja kwa moja mpaka ukurasa wa elimu, kidole kinashuka hadi kwenye kidato cha nne, anapiga hesabu kichwani: kidato cha nne mtu humaliza na miaka kumi na saba, kumi na minane. Anaandika namba ndogo kwa penseli kwenye kona ya juu. Bosi akipita, hasomi majina, anasoma kona. Namba ikizidi anayoitaka, ombi linahamia fungu la kushoto. Hakuna aliyekuuliza umri, hakuna barua iliyoandikwa kwamba wewe ni mzee, na namba ile inafutika kwa raba kabla faili halijafungwa. Baada ya wiki unapokea ujumbe kwamba "maombi yalikuwa mengi", au hupokei chochote.

Sheria inaligusa tangazo. Lile fungu la kushoto hailioni, na mwamuzi hawezi kuamua kwa jambo asiloonyeshwa. Ndiyo maana nasema, Mama T., mwajiri wako amekupa kitu ambacho wajanja hawakitoi: ameandika. Na mtu wake ametamka.

Fanya hivi mapema. Lipige picha tangazo likiwa na tarehe, jina la kampuni na mahali ulipoliona. Kama ulilipata kwenye kundi la WhatsApp, tafuta lilikotoka kabla halijafutwa. Kuhusu simu, chukua daftari uandike siku, saa, namba iliyokupigia, jina alilojitambulisha nalo, na maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na lile swali la kidato cha nne, maana swali hilo ndilo linaloonyesha lililotangulia jibu. Kisha uwaandikie barua pepe fupi yenye heshima: mlinipigia siku fulani, mkaniambia hivi, naomba kujua sababu ya kutoendelea na maombi yangu. Usitukane, usitishie. Wakijibu, umepata karatasi ya pili. Wasipojibu, ukimya wao nao utauambatanisha.

Halafu angalia kalenda. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa CMA ndani ya siku 30. Migogoro mingine, na wako ni wa kundi hili, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Ukichelewa inabidi uombe kwanza kuruhusiwa, na ueleze kila siku iliyopita ilipita kwa nini. Nimeona kesi nzuri zikifia hapo. Ofisi ya CMA ipo Morogoro, utajaza fomu namba moja, nakala unampelekea mwajiri, na utunze uthibitisho kwamba ameipokea. Unaanza na usuluhishi. Mnakaa meza moja, wewe, mwakilishi wa kampuni na msuluhishi, na mara nyingi sentensi ya kwanza ya upande wa pili ni "tulipata wenye sifa zaidi". Hapo toa tangazo, uliweke mezani, uulize kama hao waliopatikana kuna hata mmoja aliyezidi miaka 35.

Sasa nikwambie na usilotaka kusikia. Usitegemee kwamba utaamka siku moja uajiriwe pale kwa amri. Zile fidia za mishahara ya miezi mingi unazozisikia ni za mtu aliyekuwa kazini akaachishwa isivyo haki. Mwombaji hana mshahara wa kuhesabia, kwa hiyo fidia yake inategemea alichoweza kuthibitisha. Mengi humalizika kwa makubaliano mezani, kwa kiasi ambacho hakifanani na maumivu. Sheria inasema pia kwamba ubaguzi huu ni kosa, lakini kutoka kwenye maandishi mpaka mwajiri asimame kizimbani ni safari ndefu. Mimi bado naona inafaa kwenda. Kampuni iliyowahi kuitwa CMA kwa sababu ya mstari mmoja wa tangazo, tangazo lake linalofuata linakuwa halina mstari huo.

Serikalini ni habari nyingine. Sharti la "umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa walioko kazini serikalini" lina hesabu nyuma yake. Kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma ni miaka 60, na ili upate pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangia kwenye mfuko miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Toa 15 kwenye 60, unapata 45. Nayaelewa mantiki hayo kuliko ya kampuni ya vinywaji, lakini sikubaliani nayo yote. Wewe umechangia mfuko wa hifadhi ya jamii tangu ulipoanza kiwandani. Huendi serikalini mikono mitupu. Na hata asiyekuwa na michango angeweza kupewa mkataba wa muda maalumu, akafanya kazi, akalipwa, bila kumdai mtu pensheni. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba sekta binafsi imeuiga mstari huo bila hesabu yake, ikaupunguza hadi 40, 35, hata 30, kana kwamba ni utaratibu wa nchi. Si utaratibu wa nchi. Usipoteze nguvu zako kupambana na tangazo la Ajira Portal, ule mtandao wa ajira za serikali, kwa sasa. Zipeleke kule uliko na ushahidi.

Kuhusu CV: kupunguza ni ruhusa, kudanganya hapana. Si lazima uandike tarehe ya kuzaliwa. Unaweza kuanza na kazi yako, ukaeleza miaka kumi na mitano ya mwisho kwa kirefu, elimu ukaiweka chini bila miaka. Lakini usibadilishe mwaka wowote. Cheti cha Baraza la Mitihani kina mwaka wake na kinahakikiwa, na siku ikigundulika, utafukuzwa kwa udanganyifu, na hapo hakuna kifungu cha 7 cha kukutetea.

Wasomaji wa Zanzibar, ninyi mna Sheria yenu ya Ajira, Na. 11 ya 2005. Niandikieni nayo tuizungumze kivyake.

Salamu kutoka Likoni, Shangazi. Nina miaka 52, ni mpishi wa hoteli za pwani tangu ujana wangu. Hoteli yetu ilifungwa wakati wa korona na haikufunguliwa tena. Nikienda kutafuta kazi naambiwa, "Mzee, jikoni kuna joto, hutaweza." Hawajaniona hata nikishika mwiko! Mwanangu anasema katiba inanilinda. Wakili mmoja jirani yetu anasema Sheria ya Ajira ya Kenya haitaji umri hata mara moja kwenye ubaguzi. Nani msema kweli?
S., Mombasa

Wote wawili, ndugu yangu, na humo ndimo ilimo shida yako.

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamkataza mwajiri kubagua kwa rangi, jinsia, lugha, dini, maoni ya kisiasa, uraia, asili ya kabila au ya kijamii, ulemavu, ujauzito, hali ya ndoa na virusi vya Ukimwi. Mwombaji kazi analindwa, na mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mwajiri, kama Tanzania. Ila umri haumo. Haikuwa ajabu kwa sheria ya wakati ule: Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958, ambao ndio mama wa sheria nyingi za namna hii, nao hauutaji. Lipo Pendekezo Na. 162 la 1980 kuhusu wafanyakazi wenye umri mkubwa, lakini pendekezo halimfungi mtu.

Miaka mitatu baadaye ikaja Katiba ya 2010. Ibara ya 27(4) inaikataza Serikali kubagua kwa msingi wowote, na umri umeandikwa humo wazi, na hali ya afya pia. Ibara ya 27(5) inaendelea kusema kwamba hata mtu binafsi haruhusiwi kumbagua mwenzake kwa misingi hiyo hiyo. Mwenye hoteli ni mtu binafsi, kwa hiyo mwanao yuko sahihi. Tazama sasa nchi hizi mbili jirani zilivyopishana: Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(5), inapoeleza ubaguzi haiutaji umri, ila sheria ya kazi inautaja, Kenya katiba inautaja, sheria ya kazi haiutaji. Mfanyakazi anayevuka Lunga Lunga anabeba umri ule ule, lakini akifika upande wa pili inabidi abishe mlango mwingine.

Na mlango wa katiba ni mzito kuufungua. Mwenzio aliyenyimwa kazi kwa ajili ya kabila lake anakishika kifungu cha 5 na kukisoma kama kilivyo. Wewe itabidi ulete ombi la kikatiba katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo kwa bahati ipo hapo hapo Mombasa, na uthibitishe kwa kina ni nini kilifanyika, nani alisema, na haki gani ilivunjwa. Wakili wa kuandaa ombi kama hilo hafanyi bure. Kabla ya kufika huko, peleka malalamiko yako kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Ni chombo cha umma, na usawa wa watu wa kila umri ni kazi yake.

Kuna jambo jingine ambalo napenda ulijue, kwa sababu nadhani ndilo linalokuumiza bila wewe kuliona. Ibara ya 260 ya katiba yenu inasema kijana ni mtu wa kuanzia miaka 18 ambaye hajafika 35, na mzee ni aliyefikisha 60. Ibara ya 55 inaitaka Serikali ichukue hatua vijana wapate ajira. Ibara ya 57 inazungumzia heshima na malezi ya wazee. Wewe wa 52 huko mbele si kijana na huku nyuma si mzee. Mipango inapogawanywa, kundi lako halina jina. Sisemi vijana wapewe kidogo. Nasema mtu wa miaka 35 hadi 60 ndiye analipa karo za hao vijana na dawa za hao wazee, na akikosa kazi nyumba nzima inakaa giza.

Sasa hilo la joto. Mwajiri ana haki ya kujua kama unaiweza kazi. Hana haki ya kuamua kwa kukutazama mvi. Kwa hiyo watakapokwambia tena kwamba hutaweza, jibu kwa utulivu: "Nipeni zamu moja ya jioni nijaribiwe kama mnavyowajaribu wengine." Liseme mbele ya mtu mwingine, kisha ukifika nyumbani uwatumie ujumbe wa kurudia ombi hilo hilo. Wakikubali, wewe unajua la kufanya na biriani ya watu mia mbili. Wakikataa, na kijana aliyekuja nyuma yako akajaribiwa, umepata kitu cha kuandika kwenye malalamiko ambacho si "nahisi walinibagua".

Jambo Shangazi. Mimi ni mtu wa Bukavu, sasa niko Chicago. Nina miaka 56. Nilikuwa fundi mkuu wa umeme, hapa nimepata leseni na vyeti vyote. Matangazo ya kazi yanaandika "uzoefu wa miaka 3 hadi 7, isizidi 7". Mimi nina zaidi ya 25. Marekani si nchi ya sheria? Hii si kunifungia mlango kwa sababu ya umri?
B., Chicago

Jambo, ndugu. Wewe umeuliza swali ambalo limeshafika mahakamani huko huko kwenu.

Marekani ina sheria maalumu ya ubaguzi wa umri tangu 1967. Inawalinda wenye miaka 40 na kuendelea, kwa waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi. Mwaka 2014 mwanasheria mmoja, Dale Kleber, aliyekuwa na miaka 58, aliomba kazi katika kampuni ya CareFusion. Tangazo lilitaka uzoefu wa miaka 3 hadi 7, usizidi 7, kama hayo unayoyaona. Hakuitwa, aliyechukuliwa alikuwa na miaka 29. Kleber akasema: sharti hili halitaji umri, lakini matokeo yake ni kuwaondoa watu wa umri wangu wote. Januari 2019 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba, ambayo makao yake ni Chicago, ilimkatalia. Majaji wanane dhidi ya wanne walisema kipengele cha sheria hiyo kinachohusu masharti yenye madhara kwa wazee kinamlinda aliyeko kazini tayari, si mwombaji wa nje. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi hiyo. Kwa hiyo kwa sheria ya shirikisho, katika majimbo yaliyo chini ya mahakama hiyo ya rufaa, yaani Illinois, Indiana na Wisconsin, sharti lile peke yake halikupi kesi.

Ulichobaki nacho ni kuthibitisha nia: kwamba walikukataa kwa kukusudia, kwa ajili ya umri. Na tangu hukumu ya mwaka 2009 ya kesi ya Gross, lazima uonyeshe kwamba bila umri wako wangekuchukua. Haitoshi kwamba umri ulikuwa sababu mojawapo. Ndiyo maana maneno yao ni mali. Mtu akikwambia "umezidi sifa" au "timu yetu ni ya vijana", andika siku, jina na maneno. Malalamiko yanapelekwa EEOC, tume ya shirikisho ya usawa katika ajira, na kwa Illinois una siku 300. Jimbo lako lina pia sheria yake ya haki za binadamu, ambayo inawagusa hata waajiri wadogo wasiofikisha watu 20. Uliza Idara ya Haki za Binadamu ya Illinois kabla hujakata tamaa.

Mama T. wa Morogoro atapenda kujua kwamba jimbo la Connecticut, tangu Oktoba 2021, limewakataza waajiri kuuliza kwenye fomu ya awali ya maombi umri, tarehe ya kuzaliwa au miaka uliyosoma na kuhitimu. Wamelenga pale pale penye penseli. Hilo ndilo ningependa wabunge wetu waige.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, nimemaliza chuo, niko Mbeya. Naomba mtutazame na sisi. Kila tangazo "uzoefu miaka mitano". Jingine la msimamizi wa duka liliandika "awe na miaka 30 na kuendelea". Kila mkizungumzia umri mnawazungumzia wakubwa. Na wakubwa wakibaki kazini, sisi tutaingia lini?
Kijana wa Mwanjelwa

Marahaba, mwanangu. Hoja yako ni ya kweli na nakushukuru kwa kuileta.

Sheria ya Marekani niliyoitaja hapo juu haikulindi, maana inaanzia miaka 40. Ya Tanzania ni tofauti: imesema umri, basi. Haikusema umri mkubwa. Kwa hiyo aliyeandika "miaka 30 na kuendelea" kwa msimamizi wa duka yuko katika kosa lile lile la aliyeandika "asizidi 35" kwa mhasibu, na ushauri niliompa Mama T., kuanzia picha ya tangazo hadi siku 60, ni wako pia.

Uzoefu wa miaka mitano ni jambo jingine. Mwajiri anaruhusiwa kutaka uzoefu, na kazi nyingine kweli zinauhitaji. Lakini sheria imekataza pia ubaguzi wa kuzunguka. Ukikuta kazi ya kupanga bidhaa na kupokea fedha inadai miaka mitano, uliza hiyo mitano ni ya kujifunza nini. Sikuahidi ushindi hapo. Ni vigumu zaidi kuliko tangazo linalotaja umri wazi.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niisome barua yako mara mbili. Mama T. hakukaa kwenye kiti chako. Kiwanda kilipunguza watu, na yeye anatafuta kazi kwenye foleni ile ile uliyopo wewe. Mwajiri anamwambia yeye kazeeka, anakwambia wewe hujakomaa, na kila mmoja anarudi nyumbani akimlaumu mwenzake. Waajiri wanaoandika hivyo hawana shida ya kukosa watu. Wanataka mtu aliyekwisha kufundishwa na mwingine, asiyejua bado kudai mshahara wake, na asiye na mtoto wa kuombea ruhusa.

Nitumie lile tangazo la duka, ukiwa bado nalo, pamoja na tarehe uliyoliona. Kama siku 60 hazijaisha, nitakuonyesha fomu inavyojazwa, mstari kwa mstari, na twende nayo CMA Mbeya kabla hazijaisha.